Jogoo wa Ukurasa wa Hamsini na Mbili

Baba yangu, Mwalimu,

Najua utaanza kwa kutafuta makosa, kwa hiyo ninaandika polepole. Nimekaa barazani kwako hapa Khwisero, kwenye kiti chako chenye mguu mmoja mfupi, na nimekiwekea kile kipande cha ubao ulichokuwa ukikisukuma kwa kisigino. Nina kikombe cha chai, na kando ya kikombe nina kitabu ambacho nitakueleza habari zake kabla sijamaliza. Kwanza nataka nikulaumu kidogo, kisha nikuombe radhi. Katikati ya hayo mawili nataka niseme tu kwamba nimekukosa, maana tangu tukuzike nimegeuka mtu wa kuongea na sufuria.

Unakumbuka Jumamosi zetu za Kakamega? Wenzangu walipelekwa mjini kununuliwa viatu. Mimi ulinipeleka kwa yule mzee aliyetandaza vitabu juu ya gunia nje ya soko. Vitabu vya shule ulivipita bila hata kuvisalimia. Ulichutama, ukaivuta suruali magotini, ukaanza kuchokoa pembeni kabisa, kule kulikokuwa na vile vyembamba vyenye jalada lililokatwa mshazari.

"Mwalimu, leo niko na kamoja," mzee alikuwa akikuambia. "Sijui hata ni ka nani. Watoto wa shule hawakatakangi."

"Basi kalikuwa kananingoja mimi," ulimjibu kila mara, na kila mara nyote wawili mlicheka kana kwamba ni neno jipya.

Hukuanza na hadithi. Ulianza na ule ukurasa wa mwanzo wenye maandishi madogo ambao watu huuruka, ukamtafuta mchapishaji. Ukikuta kampuni kubwa, ulikirudisha kwa adabu. Ukikuta jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, na sanduku la posta la mji mdogo, uso wako wote ulibadilika. "Mama," ulikuwa ukiniambia, maana nilipewa jina la mama yako na hukuwahi kuniita vingine, "hawa ni watu watatu na meza moja. Mmoja anasoma, mmoja anapanga kurasa, mmoja anabeba vitabu mgongoni. Kishike vizuri." Hesabu hiyo ya watu watatu na meza moja sijui uliitoa wapi, lakini niliiamini kama nilivyoamini majira ya mvua.

Watu walidhani unavionea huruma vitabu vile. Haikuwa huruma hata kidogo. Uliniambia kwamba humo ndimo ulimowakuta watu wanaozungumza kama majirani zako, wakulima wa miwa, wauza mboga, walimu wenye visirani, watu ambao vitabu vikubwa viliwapita mbali. Unakumbuka kile cha hadithi fupi ambacho kurasa zake za katikati zilikuwa zimeshonwa juu chini? Mimi ningekirudisha. Wewe ulifika hapo, ukakipindua, ukaendelea kusoma, na kurasa hizo zilipokwisha ukakipindua tena. Mgeni aliyekuwa amekaa nawe alinitazama kwa wasiwasi. Ulimwambia fundi alikuwa amechoka siku hiyo, hadithi haikuwa na kosa lolote.

Halafu ile penseli ya nyuma ya sikio. Kila kosa la chapa ulilipigia mstari mwembamba, na ulipomaliza kitabu uliwaandikia wachapishaji barua. Salamu kwanza, pongezi, kisha orodha ya makosa, ukurasa kwa ukurasa. Siku moja mama mmoja wa huko mbali alikujibu kwamba umeona walichoshindwa kuona wao wote pale ofisini, na kwamba barua yako wameibandika ukutani. Uliisoma barua hiyo mezani, kanisani, na hata kwa mtu aliyekuja kutibu ng'ombe. Nilikuuliza kwa nini unajisumbua hivyo. Ukasema, "Kitabu kikinichosha, mama, sikichukulii penseli." Neno hilo liliniingia nikiwa mdogo na halikutoka.

Na zile sheria zako za kuazimisha! Huwezi kuniambia uliziona nyepesi. Aliyemaliza kitabu aandike nyuma, kwenye ukurasa mtupu wa mwisho, jina lake na mahali alipokimalizia. Asiyemaliza asithubutu. Ndiyo maana leo hapa ndani kuna vitabu vyenye majina ya watu waliomalizia kwenye foleni ya kiwandani Butali, wengine wodini, mmoja juu ya trekta. Dada Zuhura wa Ekero, mwanafunzi wako wa zamani ambaye huja na leso zake za kuuza kila siku ya soko la Khwisero, ana jina lake kwenye nusu ya vitabu vyako. Na sheria ya pili, ambayo ndiyo iliyotuumiza mimi na wewe: mtu asiulizwe kama amesoma. "Kumuuliza msomaji ni kumkaba," ulisema. "Akimaliza utaliona jina. Na anayeandika vitabu ndiye hasa asiyefaa kuuliza." Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimejaza daftari langu la kwanza, nikaitikia kwa kichwa.

Sasa nifike kwenye kabati, maana huko ndiko tulikokwaruzana.

Kabati la vyombo lilikuwa la Mama. Alikuja nalo kutoka kwao Butali alipoolewa, lenye vioo viwili na kufuli, na vikombe vyake vya maua vilikaa humo vikingoja wageni. Wewe vitabu vilikuzidi. Mchwa walianza kuingia kwenye boksi, ukapata wazo lako kubwa: ulivitoa vikombe, ukavitia kwenye karai, ukalisukuma karai chini ya kitanda, na kabatini ukapanga wachapishaji wako wadogo. Mama alikaa kimya wiki nzima. Kisha alinifunga leso kichwani, akanishika mkono, tukaenda zetu Butali kwa wazazi wake, kule harufu ya miwa inayopikwa kiwandani inakufuata hadi kitandani. Nilikuwa na miaka sita. Tulikaa huko mpaka alasiri moja nilipokuona ukija kwa miguu, umevaa suti yako ya harusi, vumbi kutoka viatuni hadi kolani, na kuku kwapani. Huku kwetu mkwe hafiki mikono mitupu, hasa mkwe aliyehamisha vikombe. Mama alikutazama kwa muda, akaenda kufungasha.

Hayo ndiyo niliyoyaandika. Na niliandika kwamba ulikuja kumchukua ukiwa mchafu, na kuku mwekundu kwapani, mtu ambaye hakuona hata haja ya kujipangusa mbele ya wakwe zake. Sentensi hiyo iko ukurasa wa hamsini na mbili. Niliipenda sana nilipoiandika. Mama alikuwa ameshatutoka, nami nilikuwa bado na donge la vile vikombe, nikalitemea hapo.

Siku nilipokuletea kitabu nilikifunga kwa gazeti. Ulikuwa hapa hapa barazani. Ulikipapasa, ukakinusa gundi, ukakizungusha mkononi.

"Ni akina nani waliokichapa?"

"Ni Nekesa na wenzake wawili, hapo Kakamega mjini. Wana chumba nyuma ya duka la fundi cherehani." Nikaongeza, "Na meza ni moja, Baba. Nimeiona kwa macho yangu."

Ulicheka mpaka ukaushika ubavu. Nadhani sijawahi kuwa na furaha kama ile, na ningenyamaza hapo ningekuwa nayo hadi leo.

"Kina nini ndani?"

"Hadithi saba. Ya nne ni ya kabati."

"Kabati lipi?"

"La Mama."

"Na Butali umeitia?"

"Nimeitia."

Ulikiweka kitabu juu ya goti, jalada likiangalia chini. "Kwa hivyo mambo ya nyumba yangu umeyatandaza juu ya gunia."

Mimi nina ulimi wako, Baba, na siku hiyo niliutumia wote. Nilikuambia kwamba miaka yote umesifu vitabu vya watu wanaosema ukweli wa nyumba zao, na sasa nyumba ni yako unaona haya. Ulitazama mbali, kwenye migomba. Nikachukua mkoba wangu. "Basi usikisome," nikasema, nikaenda kutafuta bodaboda.

Niliendelea kuja kila mwisho wa mwezi, kwa miezi minane. Tulizungumza juu ya mahindi, juu ya mvua iliyochelewa, juu ya mchungaji mpya anayehubiri kama anayeuza dawa. Nilikuletea gazeti, nawe hukulifungua. "Nisomee wewe," ulisema, "nisikie kama Kiswahili chako bado kiko hai." Nilikusomea kwa hasira za ndani, nikidhani unanipima. Jirani aliyekupikia alikuwa akikuwekea obusuma, ule ugali wetu, na mboga mbele yako, akikuambia kila kitu kiko upande gani, nami nikadhani ni maneno mengi tu ya yule mama. Macho yangu yalikuwa yakizunguka sebuleni kukitafuta kitabu changu. Kuuliza sikuuliza. Sheria ilikuwa yako, na nilitaka uone jinsi ninavyoishika.

Kisha ukaondoka, asubuhi ya Jumanne, kifua, na kabla gari halijafika umeshamaliza safari.

Baada ya matanga, watu walipokwisha kurudi makwao, nilifungua kabati. Nilitoa kitabu kimoja kimoja, nikakifungua ukurasa wa nyuma, nikakirudisha. Changu hakikuwemo. Nikatafuta chini ya godoro, kwenye sanduku la suti, ndani ya Biblia kubwa ambamo ulikuwa ukificha vitu. Nitasema ukweli kwa sababu sasa huwezi kunikemea: nilienda hadi jikoni nikachungulia majivu.

Siku ya soko iliyofuata nilisikia sauti langoni. "Asalaam aleikum hapa kwa Mwalimu." Alikuwa dada Zuhura. Ulikuwa ukimwitikia "Waaleikum salaam" kwa sauti ya mzee wa kanisa anayetaka majirani wasikie, nami nilijaribu kuitikia hivyo hivyo, nikashindwa katikati. Alinikumbatia, tukalia kidogo. Kisha alifungua leso mojawapo katika mzigo wake, na ndani yake kulikuwa na kitabu changu, kona zimelainika, jalada lina doa la chai.

"Mwalimu alinipatia niwasomeshe wenzangu kule Ekero," alisema. "Wamemaliza. Nikasema nikirudishe kwao."

Nilikikimbilia ukurasa wa mwisho. Majina matatu. Mawili ya wanawake wa sokoni Ekero, na la juu kabisa la Zuhura mwenyewe. Lako halikuwepo. Nikarudi mwanzo, nikapekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta penseli. Kulikuwa na makosa ya chapa, Baba, mimi mwenyewe nayajua, mengine ungeyaona ukiwa umesinzia. Hakuna hata mstari mmoja. Karatasi zote safi.

"Hakukisoma," nikasema.

"Nani hakusoma?"

"Baba. Jina halipo. Penseli haipo. Ama hakukifungua, ama kilimchosha."

Dada Zuhura alinitazama kwa mshangao, kisha akaweka kidole chake kwenye mstari wa juu. "Soma hapo nilipomalizia mimi. Ekero iko wapi hapo?"

Nilisoma. Iliandikwa: Zuhura, barazani kwa Mwalimu.

"Mimi ndio nilimsomea, mdogo wangu. Siku nne za soko. Naachia mtu leso zangu, nakuja hapa, nakaa kwa hiyo ngazi, nasoma. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Kwani hukujua?"

Sikujua. Gazeti, obusuma, kule kutazama mbali kwenye migomba, vyote vilinijia kwa pamoja na nikaketi pale pale ngazini.

"Alinikataza nisikuambie," aliendelea. "Alisema ukijua utamhamishia kwako mjini, na hawa wa kabatini atawaachia nani. Tulipomaliza nikamwambia, Mwalimu, shika kalamu nikuwekee mkono mahali pake, andika jina. Akakataa katakata. Akasema, 'Aliyesoma ni wewe. Mimi nimesikiliza tu.' Unajua alivyokuwanga na hizo sheria zake."

Najua. Nani anajua kuliko mimi?

"Na hadithi ya nne?" niliuliza. Hatimaye niliuliza, Baba, ila nilimuuliza mtu mwingine.

"Wee!" Dada Zuhura alipiga makofi mara moja. "Pale kwa kuku alinisimamisha. 'Rudia hapo.' Nikarudia. 'Tena.' Nikaogopa, nikajua leo amekasirika. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi, akasema, 'Andika hii.' Nikamwambia sina penseli, Mwalimu. Akasema, 'Basi weka kichwani. Kuku hakuwa mwekundu. Alikuwa jogoo, tena mweupe pe, nilimchagua mwenyewe. Alinitoroka nikishashuka kwa gari, nikamkimbiza barabara nzima ya murram nyekundu na suti ya harusi, watoto wa watu wananicheka, mpaka nikamwangukia. Huo wekundu ni vumbi. Na sikujipangusa kwa sababu ningemwachilia mkono mmoja, angeenda tena. Hata mama yake mwenyewe sikumwambia.'"

Yule jogoo nilimwona, naapa, na alikuwa mwekundu. Ila nilimwona mbele ya nyumba ya babu, wewe ukiwa umeshaanguka. Sikumwona ulipomchagua.

"Sasa mbona hakuniambia mwenyewe? Miezi yote ile nilikuwa nakuja."

"Alikuwa anangoja uulize," dada Zuhura alisema. "Kila ukija na kurudi, mimi soko linalofuata namuuliza, Mwalimu, ameuliza? Ananiambia, 'Bado. Atauliza. Huyo ni mama yangu, hawezi kukaa na neno.'"

Hapo ndipo ninapokulaumu. Ulinifundisha nisiulize, kisha ukakaa hapa barazani gizani ukingoja niulize. Uliniona lini nikiivunja sheria yako hata moja? Ulikuwa na kosa la kunisahihisha, umelihifadhi kichwani badala ya penseli, na kwako wewe hiyo ilikuwa heshima kubwa kuliko sifa zote. Nami nilikuwa nakuja na kuondoka nikijua kwamba nimekuchosha. Tungekaa dakika kumi tu bila ukaidi. Ningekusomea mimi kitabu changu badala ya gazeti, ukanisimamisha pale, ukaniambia nirudie. Nimekitamani kicheko hicho kuliko ninavyotamani mambo mengi ninayoomba kanisani.

Na hapa ninaomba radhi. Nilikuambia usikisome. Nilikuita mtu asiyejali, nikachapa, nikajisifu kwa sentensi. Nilikuwa mtoto wa miaka sita niliyeona vumbi, na nilipokuwa mtu mzima sikurudi kuuliza lilitoka wapi. Nisamehe, Baba. Ni hilo nililokuja kusema, haya mengine yote ni mzunguko wa kulifikia.

Nekesa alinipigia simu miezi michache baadaye. Vitabu vimekwisha, alisema, hata yeye hakuamini, walimu wanauliza, watu wa Ekero wanauliza, na wamekusanya nguvu za kuchapa tena. "Nitumie orodha ya makosa yote."

"Ya chapa mtayapata wenyewe," nikamwambia. "Mimi nina moja tu."

"Moja?"

"Ukurasa wa hamsini na mbili. Ni la msomaji."

Toleo jipya limetoka, na nakala ya kwanza ndiyo hii iliyo kando ya kikombe changu. Jalada limekatwa mshazari kidogo, ungefurahi. Nimeufungua ule ukurasa wa maandishi madogo kwanza, ulivyonizoesha. Kisha nimekisoma kitabu kizima kwa sauti, nikiwa hapa kwenye kiti chako, kuanzia asubuhi, majirani wakipita na kujifanya hawasikii. Hadithi ya nne sasa inasema hivi: "Alikuja na jogoo mweupe kwapani, mweupe chini ya vumbi lote lile, na hakujipangusa, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika."

Nimefika pale nikanyamaza. Nikarudia. Nikarudia tena.

Vikombe vya Mama nimevitoa karaini, nimevipangia rafu ya juu kabatini, na vitabu vyako vimesogea bila kulalamika. Dada Zuhura ameomba funguo ili azungushe vitabu siku za soko, nami nimempa. Kitabu hiki nakiacha humo, kati ya watu wako watatu na meza moja. Mstari wa kwanza wa ukurasa wa mwisho nimeuacha wazi kwa ajili yako, na chini yake nimeandika mahali nilipomalizia, kwa sababu mimi nimesoma kwa macho yangu na nina haki hiyo.

Sasa naivunja sheria yako, nimechelewa, lakini naivunja. Baba, umekisoma? Umekionaje?

Ni mimi uliyemwita mama,
nimemalizia barazani kwa Mwalimu, Khwisero.